Kuifikia Kompyuta ya Nyumbani kwa VPN: Somo kwa Walimu Waendao Mazoezini Bendera

Mwanachuo apangiwaye shule ya kata ya Bendera kwa mazoezi ya kufundisha huondoka mjini Same asubuhi, hushika barabara ya Kisiwani, hupita Maore, Ndungu na Kihurio, na hata afikapo tambarare ya Bendera, Milima ya Pare ya Kusini huwa imesimama yote kati yake na alikotoka. Mkobani mna maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na simu. Kompyuta yake, yenye mitihani aliyoitunga, orodha za alama na michoro ya zana za kufundishia, imebaki mezani nyumbani. Haliishi juma kabla hajagundua kwamba faili analolihitaji silo alilolinakili katika flashi.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ambayo mwalimu aweza kuitumia kuifikia kompyuta hiyo kutoka mbali pasipo kuwafungulia mlango watu asiowajua, na kisha kueleza jinsi tunavyolifundisha jambo hilo kwa watoto ambao darasani mwao hamna kompyuta hata moja. Hatuwaandikii mafundi. Twawaandikia walimu ambao kesho watakabidhiwa majina na alama za watoto wa watu.

KOSA LETU LA KWANZA

Sisi wenyewe tulijifunza jambo hili kwa hasara. Tulikuwa tukizunguka shuleni kusimamia mazoezi, na alama za wanachuo tuliziacha katika kompyuta ya nyumbani, iliyounganishwa na intaneti kwa waya. Kijana mmoja mjuzi alitushauri tufungue katika ruta mlango namba 3389, ambao Windows huutumia kumpokea mtu atakaye kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Neno "mlango" hapa lina maana ya namba tu: kila huduma ya kompyuta husikiliza katika namba yake, kama vile kila idara ya ofisi kubwa ilivyo na chumba chake. Tulifungua, na siku ileile tuliiona meza yetu ya kazi katika kioo cha kompyuta ndogo tuliyosafiri nayo. Tulifurahi mno.

Baada ya majuma mawili tulisoma kumbukumbu za kompyuta ile. Ukurasa baada ya ukurasa ulijaa majaribio ya kuingia yaliyoshindwa, usiku na mchana, kutoka nchi tusizozijua. Hawakuwa wakitutafuta sisi. Kuna programu zizungukazo intaneti nzima zikibisha kila mlango ulio wazi na kubahatisha maneno ya siri, na sisi tulikuwa mlango mmoja miongoni mwa mingi. Neno letu la siri lilikuwa jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa. Je, yupo aliyefanikiwa kuingia? Hatukuweza kuthibitisha kwamba yupo, wala kwamba hayupo. Na kwa kuwa hatukuweza, ilitupasa kumweleza Mkuu wa Chuo, kisha tukaziandika upya alama za kundi zima kutoka katika fomu za karatasi. Likizo yetu iliishia humo. Hizo karatasi, ambazo tulikuwa karibu kuzichoma, ndizo zilizotuokoa.

MFEREJI NA BOMBA

Herufi VPN ni za Kiingereza, na maana yake ni mtandao wa faragha uliojengwa juu ya mtandao wa watu wote. Maelezo hayo hayamsaidii sana anayeanza. Kwa mwanafunzi wa Upare tumeona kwamba maji humsaidia zaidi.

Wapare wana ustadi wa kale wa kuyaongoza maji. Ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhi maji, hujazwa usiku. Asubuhi hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji yakipita kando ya mashamba ya watu wengi kabla ya kumfikia mwenye zamu. Mfereji ni wa wazi. Apitaye aweza kuyaona maji, kuyachota, kuyageuzia kwake, au kutupa takataka ndani yake. Sasa tandaza bomba ndani ya mfereji uleule. Ardhi ni ileile, mteremko ni uleule, mashamba ya jirani ni yaleyale, lakini apitaye huona bomba tu. Hajui ndani yake mnapita nini, wala hawezi kutia kitu.

VPN ni bomba hilo. Intaneti ya simu unayoitumia ukiwa Bendera ni mfereji wa watu wote: habari hupita katika mnara, katika mitambo ya kampuni ya simu, na katika vituo vingine kadhaa kabla ya kufika nyumbani kwako. Programu ya VPN husimba kila kipande cha habari, yaani hukigeuza kuwa maandishi ambayo asiye na ufunguo hawezi kuyasoma, kisha hukiachia kipite katika njia hiyohiyo ya kawaida. Upande wa pili programu mwenzake hukifumbua. Kwa kompyuta zako mbili ni kana kwamba waya mrefu umevutwa kutoka Same, ukavuka mlima, ukateremka mpaka mezani pako shuleni.

Mlinganyo huu una mipaka, na mwalimu mwaminifu huitaja. Kwanza, bomba lenyewe huonekana. Kampuni ya simu haitajua unasoma faili gani, lakini itajua kwamba umeunganishwa na anwani fulani, kwa muda gani, na kwa kiasi gani cha data. Pili, si kila kilicho nje ya VPN ki wazi. Kurasa nyingi za intaneti siku hizi zina usimbaji wake zenyewe. Tatu, bomba halisafishi maji. Ikiwa kompyuta ya shule uliyoiazima ina virusi, virusi hivyo vitakuwa ndani ya bomba pamoja nawe, na njia ya kwenda nyumbani kwako vitaikuta imekwisha kutandazwa.

Hapa hatuna budi kuondoa mkanganyo mmoja. Vijana wengi walilisikia neno VPN kwa mara ya kwanza mwaka 2020, wakati wa uchaguzi mkuu, baadhi ya mitandao ya kijamii ilipokuwa haifunguki na watu wakawa wanapakua programu za bure simuni. Hiyo nayo ni VPN, lakini tazama bomba linaishia wapi: linaishia nyumbani kwa mtu usiyemjua, naye ndiye anayeyafungua maji yako na kuyapeleka mbele. Kama hakutozi fedha, yafaa ujiulize anakula wapi. VPN tunayoifundisha sisi huanzia mkononi mwako na kuishia mezani pako. Mwanachuo akilishika jambo hili moja tu katika makala yote, hatutamdai mengi zaidi.

KUFULI, FUNGUO NA HODI

Programu za kazi hii ni kadhaa. OpenVPN, iliyoanzishwa na James Yonan, imekuwapo tangu 2001, nayo ingali ikitumika sana. WireGuard ya Jason Donenfeld ni changa zaidi. Iliingizwa rasmi katika kiini cha Linux mwaka 2020, na yapatikana pia kwa Windows na kwa simu. Zote mbili ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuukagua, na hazidai malipo. Iko pia njia ya zamani iitwayo PPTP, ambayo bado huonekana katika ruta nyingine. Usimbaji wake umekwisha kuvunjwa, na mwanachuo asiitumie hata kama ndiyo iliyo rahisi kuiwasha.

Sisi twapendelea WireGuard, kwa sababu inamlazimisha mwalimu kuelewa funguo. Kila kifaa hujitengenezea funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja ni wa siri, nao hautoki katika kifaa hicho kamwe. Mwingine ni wa wazi, nao waweza kumpa yeyote, hata kuuandika ubaoni. Katika kompyuta ya nyumbani unaandika ufunguo wa wazi wa simu yako. Katika simu unaandika ufunguo wa wazi wa kompyuta ya nyumbani. Basi. Kifaa ambacho ufunguo wake haumo katika orodha hakiingii.

Lililotuvutia zaidi ni adabu ya mlango wake. Mlango 3389 tulioufungua zamani ulikuwa ukiitika kila hodi. Hata mwizi alijibiwa, akajua kwamba nyumba ina watu, kisha akaanza kubahatisha. WireGuard, ambayo kwa kawaida husikiliza katika mlango namba 51820, haiitiki hodi ya mtu asiye na ufunguo. Haimkatalii, haimuulizi jina. Hunyamaza kimya, na abishaye hawezi kujua kama kuna nyumba mahali hapo. Katika mila zetu kutoitika hodi ni utovu wa adabu. Katika intaneti ndio ulinzi.

Baada ya bomba kukamilika, mwanachuo aweza kutumia huduma ileile ya Windows ya kuiendesha kompyuta kutoka mbali, lakini ndani ya bomba tu. Ule mlango 3389 katika ruta ufungwe kabisa, na kinga ya Windows iamriwe kupokea wageni wanaotoka katika anwani za VPN peke yake. Ieleweke kwamba toleo la Windows liitwalo Home haliwezi kupokea mgeni kwa huduma hiyo. Mwenye toleo hilo ajiridhishe na kuyafikia mafaili yake. Tena hilo ndilo tunaloliona bora kwa Bendera. Kuitazama kompyuta nzima kutoka mbali ni kusafirisha picha ya kioo chake kila mara inapobadilika, na bando huisha upesi. Kuchukua faili moja la orodha ya alama ni jambo dogo.

SANDUKU LA POSTA MOJA

Wanachuo wetu hukwama mahali pamoja. Nyumbani hakuna intaneti ya waya; kuna ruta yenye laini ya simu. Wanaweka programu, wanaandika funguo kwa uangalifu, na bado nyumbani hakupatikani. Wanadhani wamekosea herufi. Hawajakosea.

Fikiria kijiji kinachopokea barua zake zote kwa S.L.P. moja ya shule. Mwanakijiji aweza kuandika barua kwenda popote, na jibu likirudi mwalimu hukumbuka ni nani aliyeandika, akampelekea. Lakini barua ya mgeni isiyotajwa jina la mtu ikifika, hukaa ofisini. Kampuni za simu hufanya vivyo hivyo: anwani za aina ya zamani za intaneti zimekuwa haba, hivyo wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja. Kompyuta ya nyumbani yaweza kuanzisha mazungumzo, lakini haiwezi kuanzwa.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kukodi seva ndogo yenye anwani yake mahali fulani, kisha kompyuta ya nyumbani na simu yako zote mbili ziifuate huko. Katika WireGuard kuna agizo la kutuma ishara ndogo, kwa kawaida kila baada ya sekunde 25, ili mwenye S.L.P. asisahau kwamba mazungumzo yangali yakiendelea. Ya pili ni huduma za kukutanisha, kama Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard na huvitambulisha vifaa vyako viwili kila kimoja kwa mwenzake. Njia hii ni rahisi na kwa anayeanza ndiyo tunayoishauri, ingawa humlazimu kumwamini mtu wa tatu asimamie orodha ya vifaa vyake. Hapo basi akaunti yake ya huduma hiyo ndiyo inayokuwa mlango wa nyumba, na ilindwe kwa hatua mbili: neno la siri refu, na uthibitisho wa simu.

Umeme nao usisahauliwe. Kompyuta iliyozimika haina VPN. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta nyingi hubaki zimelala mpaka mtu abonyeze kitufe. Katika mipangilio yake ya mwanzo huwa pana agizo la kuifanya iwake yenyewe. Hilo lisahihishwe kabla ya safari. Na anayeacha nyumbani kompyuta ya Windows 10 akumbuke kwamba marekebisho ya kawaida ya usalama ya toleo hilo yalikoma Oktoba 14, 2025.

DARASANI

Twaja sasa kwenye kazi yetu hasa. Je, mtoto wa Darasa la Tano afundishwe VPN? Jina si lazima. Lakini wazo lililo ndani yake, kwamba habari yaweza kupita mbele ya watu wote na bado ikawa ya wawili, analiweza kabisa, na vipindi viwili vya dakika 40 vyatosha.

Tunaanzia nje. Wanafunzi huchimba kwa kijiti mfereji mdogo penye mteremko, na mmoja humimina maji kutoka juu. Wengine husimama kando kama wenye mashamba. Mmoja hunong'onezwa atupe vumbi. Maji yafikapo chini ni tope, na mwenye zamu hulalamika kwa sauti bila kufundishwa. Kisha tunalaza vikonyo virefu vya majani ya mpapai, ambavyo ndani ni vitupu, vikiwa vimechomekwa kimoja katika kingine. Maji yafika safi. Karibu mara zote huvuja pale vikonyo viwili viungapo. Mwanachuo wetu mmoja alitaka kuyaficha makosa hayo kwa udongo, tukamzuia. Mvujo huo ni zana isiyotugharimu kitu: waulize watoto ni wapi mwizi wa maji angekaa, nao watakuonyesha kwenye maungio na kwenye ncha, wala si katikati ya bomba.

Kipindi cha pili ni cha ndani. Andika ubaoni herufi 26 za kibodi (si alfabeti yetu, maana haina Q wala X, na Ch huhesabiwa kuwa herufi moja). Sogeza kila herufi hatua moja mbele, na BENDERA itakuwa CFOEFSB. Wape watoto ujumbe wa sentensi tatu uliosimbwa hivyo, usiwaambie siri. Mara ya kwanza tulidhani wangehangaika kipindi kizima. Msichana mmoja aliyekaa nyuma alisema kwamba maneno yote yanaishia kwa B, F, J, P au V tu. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, nazo ni tano! Kwa hiyo B ni A, F ni E, na fumbo lote likafunguka kabla hatujamaliza kusahihisha daftari za safu ya kwanza. Mwalimu aliyekwisha kuliona hilo hahitaji hotuba ndefu kueleza kwa nini usimbaji wa kompyuta hauwezi kuwa wa kuhesabu hatua. WireGuard hutumia ufunguo wa biti 256. Hesabu ya funguo zinazowezekana ni namba yenye tarakimu 78. Ziandike ubaoni, hata kama ni sufuri tupu baada ya moja, ili watoto waone ukuta unavyojaa.

Kwa funguo mbili tumia kufuli na sanduku la chaki. Mwalimu huwagawia vikundi vitatu kufuli zilizo wazi, na funguo zote anabaki nazo mfukoni. Kila kikundi huweka barua yake sandukuni, hubana kufuli, na kulipitisha sanduku kwa mikono ya darasa zima hadi kwa mwalimu. Wote wamelishika, hakuna aliyesoma. Kufuli iliyo wazi ndiyo ufunguo wa wazi; ule wa mfukoni ndio wa siri. Walimu-wanafunzi wengi hukosea hapa kwa kugawa na funguo pia, na zoezi zima hupoteza maana yake.

SHERIA

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, ilitoa tangazo likiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, pamoja na anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 nazo zinakataza zana za kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Matumizi tunayoyaeleza hapa, ya mtu kuifikia kompyuta yake mwenyewe, si ya kukwepa zuio lolote. Hata hivyo mwanachuo asijitungie tafsiri. Awaulize TCRA utaratibu uliopo sasa kabla ya kuanza, na jibu alihifadhi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhusu pia aingiaye katika kompyuta isiyo yake bila ruhusa, hivyo kompyuta ya shule isiwekewe VPN pasipo idhini ya Mwalimu Mkuu. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika mwaka 2023, orodha ya majina na alama za watoto si karatasi ya mwalimu tena kana kwamba ni mali yake. Tulipoyafanya yale tuliyoyasimulia mwanzoni, jambo hilo hatukulifikiri hata kidogo.

Mazoezi yakiisha, vifaa vyote vilivyotumika Bendera viangaliwe kimoja kimoja. Ufunguo wa kompyuta ya kuazima ufutwe katika orodha ya kompyuta ya nyumbani, maana kuifuta programu kwenye kompyuta ya kuazima pekee hakutoshi: nakala ya ufunguo wa siri yaweza kuwa imebaki mahali fulani humo. Simu ikipotea njiani, ufunguo wake nao ufutwe siku hiyohiyo, kabla hata ya kwenda kurudisha laini. Kazi yenyewe ni ya kuondoa mistari michache tu. Ifanyike kabla ya kupanda basi la kurudi Same, kwa kuwa mwanachuo akishafika nyumbani, kompyuta ikiwa mbele yake, hana tena sababu ya kuikumbuka.